Mwalimu Aliyekaa Chini ya Tao

Wanafunzi wa uashi walimwita Timazi, kwa sababu ya ule uzi wenye kipande cha chuma wa kupimia ukuta kama umesimama wima. Hakuuvua shingoni hata siku ya harusi ya binti yake. Mpigapicha alimsihi autie mfukoni, akagoma, na mkewe hajamsamehe mpaka leo. Alikuwa mzee mfupi, mwenye masikio makubwa na sauti ya chini, na kila mwaka chuo kilimtupia wale ambao walimu wengine waliwakimbia. Yeye aliwapokea tu, akawapa mwiko na karai, akawaonyesha lilipo rundo la mchanga.

Mwaka huo alitupiwa Kiberiti. Binti wa miaka kumi na saba, amefukuzwa shule mbili, ulimi mkali na ngumi tayari. Mama yake mdogo, aliyemlea, alimfikisha getini na sanduku lake akamwambia kwamba safari hii akifukuzwa asije kugonga mlango wake. Mkuu wa chuo akaongeza lake: kosa moja tu, basi.

Kiberiti alingoja kugombezwa ili apate pa kuanzia. Hakugombezwa. Ukuta wake wa kwanza ulipopinda, Timazi alitundika uzi wake kando ya ukuta ule, akaenda zake kunywa chai. Binti aliutazama uzi, akautazama ukuta, akatukana wee mpaka akachoka, halafu akaubomoa mwenyewe. Mwezi wa tatu alikuwa anaamka kabla ya kengele. Aliona haya kukiri, lakini aliipenda kazi ile.

Mtihani wa mwisho ulikuwa tao, upana wa mlango mmoja. Tao hujengwa juu ya mbao zilizokatwa kwa umbo la upinde, na mbao zenyewe hukalia kabari nne. Saruji ikishakauka, mwanafunzi hugonga kabari moja baada ya nyingine, mbao zikashuka, na matofali yakabaki yameshikana yenyewe. Ila Timazi alikuwa na desturi yake. Kabla kabari hazijagongwa, aliweka kigoda chini ya tao, akakaa, akafungua gazeti. Miaka ishirini na miwili, na hakuna hata punje ya mchanga iliyowahi kumwangukia. Wanafunzi walisema mzee ana dawa. Wengine walisema hupita jioni, watu wakishaondoka, akagonga tofali moja moja kwa kidole na kusikiliza. Kiberiti aliamini hilo la pili. Nani angekuwa mjinga kiasi cha kukaa bila kukagua?

Basi alipofika karibu na kilele, saruji kwenye karai ilikuwa imeanza kushika. Alitakiwa kuimwaga na kuomba nyingine stoo. Lakini asubuhi ile alikuwa amegombana na mtunza stoo, na kiburi si maungwana. Akamimina maji juu ya saruji ile, akaikoroga mpaka ikalainika, akaweka matofali matano ya juu. Kila mwashi anajua kwamba saruji iliyokwisha kushika haifufuki. Ikikauka inapendeza macho, lakini haishiki kitu. Siku zilizofuata alipita pale mara nyingi, akaona tao limetulia, akajiambia litakaa tu. Siku moja kabla ya mtihani Timazi alimwuliza kama liko tayari, naye akajibu ndiyo.

Asubuhi darasa zima lilizunguka. Timazi akaweka kigoda, akakaa, akafungua gazeti ukurasa wa michezo. Kiberiti akagonga kabari ya kwanza, ikatoka. Akagonga ya pili. Hapo alisikia mlio mdogo juu, mkavu. Akilini alimwona mama mdogo mlangoni, aliliona sanduku lake. Angenyamaza, huenda tao lingesimama. Chini yake mzee alifungua ukurasa mwingine.

"Mwalimu, toka."

"Bado kabari mbili, mwanangu."

"Ile ya juu ni saruji mfu. Niliimwagia maji nikaitumia. Toka, nakuomba."

Timazi akainuka polepole, akatoka. Wakachukua mti mrefu, wakazigonga kabari mbili zilizobaki wakiwa mbali. Mbao zikashuka, tao likakaa kitambo kama linafikiri, halafu matofali matano ya juu yakaja chini kwa pamoja. Kigoda kikawa kuni.

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa chuo alikuja mbio kwa kishindo kile, akauliza ni kosa la nani. Timazi akamjibu kwamba mwanafunzi wake amegundua saruji mbovu katikati ya mtihani na kuokoa kichwa cha mtu, na kwamba mtihani haujaisha, maana tao litajengwa upya. Mkuu alikitazama kigoda, akamtazama mzee, akarudi ofisini.

Ndipo Kiberiti alipoona kwamba mikono ya mwalimu inatetemeka. Gazeti lilikuwa linapiga kelele vidoleni mwake. Kumbe hana dawa yoyote.

"Ulikuwa hulijui?" aliuliza. "Hukulikagua jioni?"

"Ningejua ningekaa pale? Mimi nina wajukuu."

"Sasa ulikaa kwa nini?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilikuuliza kama liko tayari. Ukaniambia ndiyo."

Maishani mwa Kiberiti neno lake lilikuwa limechekwa, limepimwa, limeitiwa mashahidi. Na mtu huyu alikuwa amelichukua neno hilo moja akaliweka juu ya kichwa chake, akasoma habari za mpira. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa fimbo. Akachuchumaa kwenye kifusi, akaanza kuyakwangua matofali yale matano moja baada ya jingine, machozi yakimtoka mbele ya darasa zima, naye hakujali nani anaona.