Rezista Moja ya Kumpita Nekesa

Keti hapa, mwanangu. Watu watakwambia wivu ni wa watoto. Mimi niliubeba Kitale nikiwa kijana mzima mwenye ndevu, na nusura unizike.

Mjomba wangu Njoroge alikuwa fundi wa televisheni, zile za zamani zenye mgongo mnene. Alitaka kufungua duka la pili Bungoma, na mmoja wetu angelishika: mimi mpwa wake, au Nekesa, msichana kutoka Ndalu aliyekuja kujifunza kazi baada yangu. Damu nzito kuliko maji, nilijiambia, duka ni langu. Lakini mjomba akifungua mdomo ni Nekesa hivi, Nekesa vile. Niliona wivu mpaka ugali ukakataa kushuka.

Sasa, mita yetu mwisho wake ulikuwa volti elfu moja, na nyuma ya kioo cha televisheni kuna maelfu. Ukiigusisha hivyo hivyo inakufa, nawe waweza kuifuata. Nekesa akatengeneza fimbo ya kupimia: rezista nyingi kubwa, vile vipande vya kuzuia umeme, moja nyuma ya nyingine ndani ya paipu ya plastiki, kila moja ibebe sehemu yake ya umeme na mita ifikiwe na kidogo tu. Ilimchukua wiki nzima. Mjomba akaigeuzageuza, akatabasamu. Mimi hajawahi kunitabasamia vile.

Nami nikapiga hesabu. Rezista moja yenye kipimo sawa na zile zote kwa pamoja si inatosha? Nikaiunga kwenye waya wa mita kuukuu, nikaenda mbele ya mjomba, televisheni imewaka na mgongo wake uko wazi. Nikanyoosha mkono. Nekesa akanishika shati, akanivuta nyuma.

Mjomba hakupiga kelele. Aliuzima umeme, akaufunga waya wangu kwenye paipu ndefu kavu, akatusogeza mbali, akawasha, akagusa nyuma ya kioo kwa ncha ya paipu. Cheche ikairuka ile rezista kana kwamba haipo. Mshale wa mita ukagonga mwisho, ukabaki hapo.

"Hesabu yako iko sawa," akasema. "Lakini rezista moja ndogo haiwezi kubeba moto huo wote wa umeme. Sasa niambie, ulikuwa unatafuta volti ama unatafuta kumpita Nekesa?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyeniokoa ni Nekesa mwenyewe.

Duka akapewa Nekesa. Sikumsalimia muda mrefu, mpaka siku kazi iliponishinda nikameza kiburi, nikaenda Bungoma. Hakunicheka, bana. Alinipa chai, akanifundisha: waya wa ardhini unafungwa kwanza, mkono mmoja unakaa mfukoni umeme usije ukapita moyoni, na hata ukizima, kioo bado kimeshika moto. Nilirudi Kitale nikiwa fundi. Wivu nao ulirudi nami. Hata leo nikipita pale dukani kwake kitu kinanikwaruza kifuani, sikudanganyi.

Kwa hivyo sikwambii uache wivu, kwa maana sijui nani ameweza. Nakwambia, ukimwonea mtu wivu kwa kazi yake, mwendee umwulize anaifanyaje. Kuuliza si ujinga. Ukikimbilia kumwonyesha, utanyoosha mkono mahali ambapo hukupaswa.

Mungu ailinde mikono yako, mwanangu. Na akiiweka riziki yako nyuma ya mlango wa mtu usiyempenda, akupe nguvu ya kupiga hodi.