Mbuzi wa Zuena na Tasbihi ya Mama Mkwe

Miaka mitano baada ya uhuru, kule Musinzira, Zuena mke wa Sefu alikuwa akishona yunifomu za shule barazani, na mbuzi wake Kadogo kafungwa uani, nyuma ya ukuta wa matete. Mbuzi haoni cherehani, anaisikia tu. Zuena akikimbiza mshono, moyo wake umekunjuka, humrushia maganda ya ndizi juu ya matete. Akienda polepole, basi kola inamsumbua na hataki kelele: Kadogo akilia, anamwagiwa maji. Haukupita mwezi mnyama akajua. Mlio wa haraka, anasogea; mlio wa taratibu, anarudi nyuma mpaka kamba inakaza.

Ndipo mama mkwe, Bi Mwajuma, akaja kutoka Muyinga. Mwanawe mwingine kapata binti, akika inataka mbuzi wa kuchinja, naye kamchagua Kadogo. Mkwe haambiwi hapana, ingawa Bahati, mtoto wa Zuena, kaachishwa ziwa juzi na hanywi kingine ila maziwa ya Kadogo.

Asubuhi Bi Mwajuma akaketi uani akivuta uradi. Kwao Muyinga ndiye anayewaongoza wanawake katika uradi, na sifa yake ni utulivu. Sauti haitoki, ni vidole tu na tasbihi. Punje moja, anatua. Punje ya pili, anatua. Kadogo akarudi nyuma, kamba ikakaza. Zuena, aliyekuwa akianika nguo, akaduwaa. Cherehani imefunikwa, mnyama anasoma kwa macho alichofundishwa kwa masikio.

Basi akaingia jikoni makusudi, Mungu amsamehe, akatia kitunguu kwenye mafuta ya mawese. Harufu ilipofika uani, punje zikaanza kukimbia, tatu tatu. Kadogo akaja mbio, mdomo mapajani kwa bibi, akitafuta maganda.

"Hii mbuzi iko na nini?"

Zuena akamweleza kwa adabu, macho chini. Bi Mwajuma akajaribu mwenyewe: punje za taratibu, mbuzi nyuma, punje za mbio, mbuzi huyu hapa. Akatazama jikoni, akatazama tasbihi.

"Mama, kule Muyinga mtaifunga wapi mpaka siku ya akika?"

"Uani. Pale tunakaaga na wanawake..." Hakumaliza. Akaifunga tasbihi kwenye ncha ya kitenge. "Mwanangu, hii mbuzi ibaki kwako. Sefu anitafutie beberu sokoni. Na iwe beberu mujinga, asiyeangalia vidole vya watu."