Siku Zilizobaki Nje ya Fremu

Tangu ujanani walimwita Rula, na jina hilo likamkaa kama ngozi. Alikuwa mchora ramani za viwanja katika ofisi ya upimaji, kazi ya wino na subira, nayo aliifanya mpaka kichwa kikaota mvi. Alipostaafu, mikono ilikosa la kufanya. Alipanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa, akanyosha mapazia ambayo hayakuwa yamepinda, hata mkewe, mwanamke mpole asiyependa makuu, akamwomba kwa heshima zote atafute kitu kingine cha kunyosha.

Kitu hicho kikawa bei ya shaba. Aliweka kompyuta kwenye meza ndogo karibu na dirisha la sebule, akaanza kununua na kuuza kupitia kwa dalali wa mtandaoni, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Michoro ya dalali, hata hivyo, haikumridhisha. Ilikuwa mistari mitupu ipandayo na kushuka, na yeye alitaka kujua jambo jingine: ni mara ngapi bei husogea kidogo, na ni mara ngapi hufanya vituko. Basi akajifunza kuandika programu, akaunda kiashiria chake mwenyewe. Kilichukua bei ya kila siku, kikailinganisha na ya siku iliyotangulia, kikapata badiliko kwa asilimia, kisha kikaiweka siku hiyo katika nguzo ya siku zilizofanana nayo. Siku tulivu zilirundikana katikati, za kupanda zikakaa kulia, za kushuka kushoto. Nguzo zote pamoja zilifanya kilima cha buluu, chenye mabega laini yaliyolingana. Alikipenda kama mtu anavyompenda kitinda mimba.

Shabiki wake mkubwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kinyozi mwenye ulimi mwepesi kuliko mkasi wake. Ndiye aliyeona kwamba kilima kiliishia kwenye asilimia tano kila upande. Dalali, alikumbusha, humkopesha mnunuzi nguvu, hata mwenye debe moja la fedha anunue kana kwamba ana madebe kumi na tano. Hatari ilikuwa moja tu: bei ikishuka kwa asilimia saba kwa siku moja, debe lote limekwenda na maji. Na kama siku ya namna hiyo haikuwahi kuwapo, woga wa nini? Rula alipima maneno hayo kwa majuma kadhaa, mwisho akashawishika. Angetoa nusu ya kiinua mgongo chake, siku ya Jumatatu.

Lakini walikuwa wamekubaliana, yeye na mkewe, kwamba fedha ile haiguswi na mmoja bila mwenzake kuridhia. Kwa hiyo Jumamosi alasiri alimwita aje aone. Mkewe alikuja na nguo alizokuwa akizikunja, akaketi. Kinyozi naye alikuwapo, amejipaka marashi kana kwamba anakwenda kuposa.

Rula alieleza kwa utaratibu, nguzo kwa nguzo. Mkewe alisikiliza, akakisifu kilima kwa moyo wote, akauliza kila nguzo ina maana gani mpaka akaelewa.

"Baba," alisema, "ile siku ndugu yangu huyu alipofungua duka lake la kunyolea, wewe ulikaa mbele ya sahani hukula. Ulisema shaba imeanguka kama chungu kutoka rafuni. Siku hiyo iko wapi hapa?"

"Alikosa hamu kwa sababu ya wivu," alisema kinyozi. "Aliona nitatajirika."

Rula alicheka, akaitafuta tarehe ile. Bei ilikuwa imeshuka kwa asilimia nane. Akarudi kwenye kilima, akapita nguzo zote za kushoto kwa kidole. Haikuwapo.

Hapo akafungua programu yake, na katikati ya mistari akakuta sentensi aliyoiandika mwenyewe bila kufikiri: badiliko lolote linalozidi tano lisichorwe. Ofisini, miaka yote ile, kilichovuka fremu kilikatwa, kwa kuwa kilikuwa kiwanja cha ramani nyingine. Mkono uliozoea ulikuwa umekata hata huku, ili kilima kikae vizuri katikati ya kioo.

Hakuna mwingine mle chumbani aliyeweza kuisoma sentensi ile. Angeweza kusema siku hiyo imechanganyika na nyingine, na mkewe angemwamini, maana hakuwahi kumdanganya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," alisema, "nimezikata. Siku mbaya zote nimezikata mimi, ili mchoro upendeze."

Akaifuta sentensi. Kilima kikasinyaa mara moja, kikajikunyata katikati kama mtu aliyeshikwa na baridi, na mbali kushoto zikatokea nguzo fupi fupi, pweke, kama nyumba za watu waliohama kijiji. Nane. Tisa. Moja ilisimama kwenye kumi na moja.

"Kumbe na wewe ni kinyozi," alisema shemeji, lakini sauti ilikuwa imepungua, na baada ya hapo hakuzungumza tena habari za madebe kumi na tano.

Mama alimaliza kukunja shati lililokuwa mkononi. Akasema kiinua mgongo kitabaki benki, ila fungu dogo, kiasi ambacho wote wawili wangeweza kukipoteza na bado wakala pamoja, achukue na anunue, bila nguvu ya kuazima. Rula aliona ni haki; tena aliona, kwa mshangao, kwamba kifua kimekuwa chepesi.

Jumatatu alinunua. Kisha akachapa kilima kipya na kukibandika ukutani juu ya meza. Mkia wake ulikuwa mrefu mno, akaunganisha karatasi juu ya karatasi, mpaka ile nguzo ya asilimia kumi na moja ikaangukia kwenye mlango wa kabati la vyombo. Alitaka kuuondoa mkia huo, usimsumbue mkewe.

"Uache," alisema mama, akifungua kabati. "Mimi ndiye niliyeuliza siku mbaya iko wapi; sasa mgeni amekuja, nimfukuze?"

Akatoa vikombe viwili, akaufunga mlango taratibu, asije akaichana karatasi.