Bwana Harusi Aliyeacha Mjane na Watoto Sita

Jamani, ningeweza kuwadanganya kwamba aliyefanya haya ni mtu mwingine, fundi fulani wa Makambako labda, lakini kijiji kizima kilikuwapo, na nusu ya Bulongwa ilikuwapo, na picha yangu nikichomoza chini ya kitambaa cha meza ya maharusi ipo kwenye simu za watu mpaka leo, kwa hiyo acha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye kuongeza chumvi.

Mimi ndiye Lameki mwenye steshenari ya njia panda, ukishaipita Kifanya, kule barabara inakoingia kwenye misonobari, na mvua ikinyesha haingii mtu wala hatoki (tunakuwa kisiwa, kasoro samaki). Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Kompyuta ni moja, ya mezani, haina betri ya kuishikilia umeme ukiondoka, na printa niliinunua ya mtumba. Na kazi naijua, nasema kifua mbele, hata baada ya yote haya.

Sasa umeme wetu. Wenzetu wa mjini ukikatika unakatika, mtu anajua moja. Wa kwetu unakonyeza. Ndivyo tunavyosema, "umekonyeza": upepo ukivuma tawi likagusa waya, unaondoka dakika tatu, nne, unarudi, hujamaliza kushukuru umeondoka tena. Tumeshauzoea. Kinyozi ana mkasi mfukoni, mama wa mashine hamwagi mahindi kabla hajasikiliza upepo, kwaya ikikatikiwa kinanda inaendelea kwa mdomo kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Na mimi nahifadhi kazi kila baada ya mstari, nukta, hifadhi, nukta, hifadhi, na nilikuwa nikitamba mbele ya watu kwamba umeme unaweza kumkonyeza kila mtu hapa kijijini ila Lameki haumwezi.

Jumamosi ile Festo alikuwa anaoa. Festo ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, dereva wa lori la mbao, na mchumba wake Sekela ni binti wa Kikinga kutoka Bulongwa. Posa ilikataliwa mara mbili. Baba yake Sekela alikuwa na hoja moja tu, ila aliishikilia kama kupe: dereva wa lori ana mke kila kituo. Mara ya tatu wazee wetu walikwenda wakaapa kwamba Festo hana mke wala mtoto popote, ndipo mzee akakubali, kwa sharti kwamba siku ya sherehe historia yake isomwe hadharani, mbele ya ukoo wote, wasikie wenyewe binti yao anakwenda kwa mtu gani.

Saa nne asubuhi akaingia dukani Mwalimu Yoeli, baba mdogo wa Festo, mwalimu mstaafu, amevaa koti la suti na makubazi, mkononi karatasi imeandikwa kwa kalamu.

"Kamwene, Lameki."

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Historia ya bwana harusi hii hapa. Nichapie vizuri, saa tisa nasoma."

Nikakaa. Nikachapa mistari miwili, umeme ukakonyeza. Ukarudi, kompyuta ikachukua muda wake kuamka (nayo ni mstaafu), nikachapa mitatu, ukakonyeza kabla sijafika kwenye nukta. Mara ya tatu Mwalimu akaanza kuangalia saa. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, ule ambao ningeomba Mungu anirudishie dakika yake. Nikakumbuka nilikuwa nimechapa wasifu wa marehemu Mzee Obadia miezi michache nyuma, umekaa vizuri, aya zimenyooka, Kiswahili kimepigwa pasi. Nikajiambia, mtu ni mtu, wote wamezaliwa, wote wamebatizwa, wote wamesoma shule ileile ya msingi, kuna haja gani ya kuanza upya? Nikaufungua. Juu nikabadilisha jina, mwaka wa kuzaliwa, wazazi. Kisha nikaiamuru kompyuta kila penye neno "marehemu" iweke "bwana harusi". Ikabadilisha yote kwa mara moja, nikahifadhi, nikapiga mluzi kwa raha. Kisha nikashuka chini nikafuta aya mbili za mwisho, zile za kuugua na kuacha, nikanyoosha kidole nihifadhi.

Ukakonyeza.

Uliporudi nikafungua faili, nikaona jina la Festo pale juu limekaa sawasawa, bwana harusi huku, bwana harusi kule, nikajua kazi ipo. Sikushuka chini kuangalia. Aya nilizofuta zilikuwa zimerudi na umeme. Mwalimu akauliza, "Nisiisome kwanza?" Nami, kwa mdomo huuhuu, nikamjibu, "Mwalimu, ikitoka kwa Lameki imetoka." Akaikunja akaitia mfukoni.

Saa tisa ukumbi wa kanisa umejaa. Nje mvua na ukungu, ndani giza la kuhitaji taa mchana. Wakwe wamekaa kulia, wazito, na mbele yao bibi yake Sekela, mtu mzima sana, asiyejua Kiswahili, kwa hiyo shangazi mmoja ameketi ubavuni anamtafsiria kila neno kwa Kikinga. Mwalimu Yoeli akapewa maiki pale nyuma ya meza ya maharusi. Sasa Mwalimu Yoeli husoma kila kitu kama anatoa imla. Hasikilizi anachosoma, anasikiliza matamshi.

Aya ya kwanza ikapita, vigelegele. Aya ya pili, bwana harusi alikuwa mtu wa watu, makofi. Bwana harusi alipanda miti mpaka milima ikabadilika rangi. Watu wakaangaliana kidogo (Festo miti anaibeba tu, hajawahi kuipanda), lakini harusini nani anabisha? Mimi nikaitambua miti ya Mzee Obadia. Nikajipa moyo: aya za mwisho nilifuta. Nilifuta. Nilifuta?

"Bwana harusi," akasoma Mwalimu, sauti imenyooka, "alianza kusumbuliwa na kifua, nukta. Bwana harusi ameacha mjane mmoja na watoto sita..."

Ukakonyeza.

Wallahi umeme ule una akili. Ungekatika nusu dakika kabla tungepona, ungekatika nusu dakika baadaye labda sentensi ingejieleza. Ukatuacha kwenye giza na watoto sita. Maiki imekufa, kisha upande wa kulia sauti ya mwanamume ikasema polepole, "Watoto sita?"

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Na kutoka pale mbele nikamsikia bibi akiuliza kitu kwa Kikinga, shangazi akajibu, bibi akauliza tena. Baadaye niliambiwa aliuliza, "Mjane? Nani amekufa?" na shangazi, mtafsiri mwaminifu, akajibu, "Wanasema bwana harusi."

Bibi akaangua kilio. Si kilio cha machozi ya harusi, hapana, kilio cha msiba, kile cha mikono kichwani. Na desturi mnaijua, bikizee akianza kulia haachwi alie peke yake, kwa hiyo kina mama wa Bulongwa, wengine hata hawajui wanamlilia nani, wakajifunga vitenge kiunoni wakampokea, na wa kwetu kwa adabu wakawapokea wale wa kwao. Sekela naye analia, ila yeye alikuwa anawalilia wale watoto sita.

Hapo mtu mwenye akili angesimama akasema ukweli. Mimi nikapiga hesabu: giza limebaki dakika mbili, tatu, karatasi iko mkononi mwa Mwalimu, nikiipata nikaichana, nani atathibitisha? Nikashuka kwenye kiti, nikatambaa, nikapita chini ya meza ya maharusi, nikanyanyua kitambaa, nikaupeleka mkono juu, nikaishika karatasi. Mwalimu akaishika zaidi. "Nani wewe?" akasema. Nikavuta, akavuta, na umeme ukarudi.

Ukumbi mzima ukaniona. Niko nusu chini ya meza, kitambaa kimenifunika kichwa kama bibi harusi wa pili, mkono kwenye karatasi, kiwiko kwenye keki. Kilio kikakatika palepale.

Festo akaniangalia. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Akasema kwa sauti ndogo, "Lameki, waambie." Rafiki yangu wa darasa la kwanza, alikuwa anampoteza mke kwa sababu mimi niliona uvivu kuchapa ukurasa mmoja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikasimama na keki yangu kiwikoni. Baba yake Sekela alishafika katikati ya ukumbi, kofia ameivaa, tayari kwa safari. Nikachukua maiki nikasema, "Wakwe zetu, kosa ni langu mimi. Festo hana mtoto. Wasifu huu si wake, ni wa mtu mwingine, ni wa marehemu, nilibadilisha majina tu."

"Marehemu gani?" akauliza mzee. "Unatuletea jina la kubuni ili umfiche mwenzako?"

Nikafungua mdomo, halafu nikaona Mama Eliza anasimama kule nyuma, karibu na masufuria. Mama Eliza ndiye mjane wa Mzee Obadia. Haikunipitia hata akilini kwamba angekuwapo, na yeye ndiye aliyekuwa amesimamia jiko tangu asubuhi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaja mbele anafuta mikono kwenye kanga. Akamwamkia mkwe, kisha akasema, "Mzee wangu, mjane ni mimi. Na watoto sita ni wangu, wa tatu ndiye aliyewapikia hilo pilau. Aliyepanda miti ni mume wangu Obadia. Nimemtambua tangu aya ya pili."

Mzee akamtazama. Akauliza, kwa umakini kabisa, "Huyo mumeo alikuwa anaendesha lori?"

"Hata baiskeli hakuiweza."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, shangazi akamtafsiria bibi, bibi akafuta machozi akasema neno ambalo lilivunja mbavu upande wote wa kulia (walikataa kututafsiria). Mzee akavua kofia.

Mimi nikamgeukia Mama Eliza, nikapiga goti, nikaanza kuomba radhi, maana nilikuwa nimemvalisha mtu mwingine suti ya mume wake. Akaniinua. Akasema, "Lameki, siku ile msibani iliposomwa sikusikia hata neno moja, nilikuwa nalia. Leo ndiyo nimeisikia. Mwalimu, malizia."

Mwalimu Yoeli akakohoa. Umeme ukakonyeza tena, na safari hii hakuna aliyeguna. Akamalizia kwa mwanga wa simu, bila maiki, bila nukta wala mkato, kwamba huyu mtu hakuwahi kula akashiba jirani yake akiwa na njaa, kwamba hakumwinulia mkewe mkono wala sauti, kwamba alilala akiwa na amani na kila mmoja. Ukumbi ulisimama bila kuambiwa. Mama Eliza aliinamisha kichwa anasikiliza.

Ilipokwisha baba yake Sekela akamwita Festo. "Umeisikia?"

"Nimeisikia, baba."

"Basi hiyo ndiyo historia nitakayokudai. Leo huna. Ukaitafute." Kisha akauliza kama pilau lipo bado.

Kwa hiyo ndoa ipo, sasa wana watoto wawili, na kila Festo akipita na lori hapo dukani anapiga honi anaita, "Lameki! Bado wanne!" Kijijini siku hizi umeme ukikonyeza watoto wanaitikia, "Ameacha mjane!" Sawa. Nimelipanda, nalivuna.

Jumatatu baada ya harusi Mama Eliza alikuja dukani. Alitaka nakala ya wasifu wa mumewe, yenye jina la mumewe. Angalieni ujinga wangu: ile ya kwanza niliivuruga yote, sikuwa nimebakiza hata moja. Alikuwa na karatasi ya siku ya msiba, imechakaa, imekunjwa ndani ya Biblia. Nikaiweka kando ya kompyuta, nikaanza na neno la kwanza, na kila nilipofika penye "marehemu" nililiandika kwa mkono wangu, herufi kwa herufi. Umeme ulikonyeza mara saba. Mara saba nilianza nilipoishia, na yeye alikaa kwenye benchi ananisubiri. Nilipomaliza nikamwambia, "Mama, isome kwanza." Tangu siku ile, karatasi haitoki dukani kwangu kabla mwenyewe hajaisoma mpaka nukta ya mwisho.