Tata Beya Hakuacha Nyumba

Mwezi wa kwanza, watu wa kampuni ya mgodi walipopita mtaa wa Kapata, Kolwezi, wakipaka namba nyekundu kwenye kuta, Tata Beya aliwafuata nyuma na kamba yake, akapima upya kila walichopima. Alikuwa muuzaji wa milango na mabati ya zamani. Tangu ujana alinunua nyumba zilizobomolewa na kuziuza vipande vipande, na alijua jambo ambalo jirani zake hawakulijua: anayebomoa ana haraka, na mwenye haraka hulipa.

Kampuni ilitaka avenyu yao nzima ihame ili mgodi upanuke. Kila familia ingepewa nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa mji. Beya akasema vitatu, na bomba la maji uani.

Hakuwa akisumbua watu bure. Josée, binti yake wa pekee, aliyeolewa Fungurume, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Binti hurudi akalala karibu na mama yake, na wanawake wa mtaa huja na poda ya kumpaka mzazi na nyimbo. Chumba cha tatu kilikuwa cha Josée.

"Tata, tusaini tu," mkewe Godelieve alimwambia. "Bantu bote banasaini. Hata Mukalay."

"Mukalay? Ule hata nyanya anauza kwa bei ya kwanza anayoambiwa!"

Mukalay, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alihama mwezi wa tatu. Akiwa juu ya lori, amekumbatia kabati, akapaza sauti: "Beya! Utabaki kuuzia mijusi milango!"

"Mijusi inalipa kuliko weye!"

Watu wakacheka. Baada ya hapo avenyu ile haikusikia kicheko tena. Mwezi wa nne zilibaki nyumba tatu, wa tano ikabaki yake peke yake. Bomba la mtaa likakauka, nguzo za umeme zikang'olewa, na Godelieve akawa anavuka magofu na ndoo kichwani. Ndipo ikaja barua: ukaguzi wa mwisho ungefanyika siku yoyote. Mwenye nyumba akikosekana, nyumba ingehesabiwa kuwa imeachwa, na aliyeacha hapewi kitu.

Beya aliisoma mara mbili, akaikunja. Ilikuwa hila nzuri. Angekuwa upande wao, angeiandika hivyo hivyo.

Mwezi wa sita, siku za Josée zilipokaribia, mama mkwe wake, Mama Tshiela, alipiga simu. "Tata Beya, heshima yako iko palepale. Lakini mutoto wa bantu hatuwezi kumupeleka azalie mu majumba ya mizimu. Mama yake akuje huku."

Godelieve alifunga vitenge vyake. "Ukimaliza biashara yako, utatuita."

"Ni wiki mbili tu."

"Wiki zako nazijua."

Mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Abigaëlle. Beya alisikia kilio chake kwenye simu, akatoka mbio nje kutafuta wa kumwambia. Hapakuwa na mtu. Akamwambia dereva wa lori la mchanga aliyekuwa amesimama kukojoa ukutani. Dereva akampongeza bila kugeuka.

Mwezi wa nane ukawa ubatizo. Hakwenda. Fungurume si mbali, asubuhi unakwenda na jioni umerudi, lakini ukaguzi haukuwa na tarehe. "Ataota mabawa? Nitamukuta," alijisemea. Sokoni alijifunza kwamba anayechoka kwanza ndiye anayekula hasara, na yeye hakuwahi kuchoka kwanza.

Mwezi wa kumi mtoto akashikwa na homa. Siku ya kwanza Godelieve alisema itapita. Siku ya tatu Josée mwenyewe ndiye aliyepiga simu, na safari hii kilio kilikuwa chake.

Maziko yalikuwa kesho yake, saa nane mchana. Asubuhi Beya alivaa koti, akafunga mlango, akatembea mpaka barabara kuu. Pale akaona gari jeupe la kampuni likikata kona kuelekea nyumbani kwake. Akasimama. Basi la Fungurume likapiga honi.

"Muzee, unapanda ao unahesabu magari?" utingo akamwuliza.

Alikuwa anahesabu kweli. Mtoto hatajua nani alikuja na nani hakuja. Nyumba ikipotea, Josée na mama yake watarudi wapi? Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Akarudi.

Gari lile halikuwa la ukaguzi. Vijana wawili walikuwa wanapima mfereji, hata jina lake hawakulijua. Akakaa kwenye kiti na koti lake mpaka saa nane ikapita.

Wakaguzi walikuja Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, wakamaliza kabla chai yake haijapoa. Wakampa vyote: vyumba vitatu, bomba uani. "Muzee, umetushinda," mkubwa wao alisema akimpa mkono. Nyumba mpya ilikuwa karibu na ya Mukalay. Mukalay akaja kusaidia kubeba milango, na siku nzima hakumtania hata mara moja. Hapo ndipo Beya alipoanza kuogopa.

Jumapili kabla ya Noeli akaenda Fungurume. Godelieve alimtolea kiti, akamletea glasi ya maji juu ya sahani, kama mgeni. Josée aliinuka kumsalimia, akarudi kitandani.

"Vyumba bitatu," Beya alisema. "Maji mu parseli, bomba iko uani. Kanisa iko karibu."

"Ni muzuri."

"Basi tuende."

"Kaburi nani atafagia?"

"Josée iko."

"Josée hatoke mu kitanda, Tata. Haujamuona?"

"Basi tungoje Noeli ipite."

Godelieve akapangusa meza kwa ncha ya kitenge.

"Mupaka Pasaka."

"Unanipatanisha bei kama mulango," alisema, bila hasira.

Beya akaweka ufunguo juu ya meza. Godelieve hakuuchukua, wala hakuusukuma. Mnunuzi wa namna hiyo, asiyegusa na asiyekataa, humwachi, unamngoja. Kwa hiyo akangoja. Godelieve akainuka kumpelekea Josée uji, akakawia huko, akarudi na bakuli bado limejaa. Kisha akamwambia, kwa heshima ileile ya mwanzo, kwamba basi la mwisho la Kolwezi linaondoka saa kumi.