Waya wa Baba kwenye Gia

Baba alifariki akatuacha wanne, mimi mkubwa, na baiskeli yake ya milimani. Niliacha shule nitafute riziki, nikaiendesha kwenda vibaruani kutoka Mafubira hadi Jinja mjini miaka yote bila kugusa gia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amezifunga kwa waya. Miguu ilizunguka upesi, mwendo ukawa mdogo. Wadogo zangu walinitania, "Kaka, unashona nguo?"

Mwaka huu dada anayenifuata amepata kazi ya ualimu Mbale, shule iko mlimani. Nikampelekea baiskeli. Tukaenda naye kwa fundi wa baiskeli mtaa wa Nabuyonga, akataka kukata waya na kuweka gia mpya. Nikakataa, nilitaka ibaki kama baba alivyoiacha.

"Sawa, bwana. Ila mzee aliifunga kwenye gia ya kupandia mlima. Jinja alikuwa anapanda mlima gani?"

Sikuwahi kujiuliza. Dada akacheka. "Mlima ni sisi, kaka. Alitubeba wote, wawili kwenye chuma cha mbele, wawili kwenye keria."

Nikamwambia fundi aukate waya, nione. Alipozungusha pedali, gia hazikushika, mnyororo ukaruka papo hapo. Nikaelewa baba alichokiogopa alipotupakia sote wanne.

"Weka gia mpya," nikasema.