Picha ya Mheshimiwa Dukani kwa Zahor

Juu ya mlango wa duka la Zahor, huku Chamazi, marehemu baba yake aliandika kwa rangi ya kijani: NAMTEGEMEA MUNGU PEKE YAKE. Kila Ramadhani ikikaribia Zahor alimwita fundi mwenye mwandiko mzuri ayapake upya maneno hayo. Alichokuwa hafanyi ni kuyasoma.

Alichokitegemea kilikuwa ndani, nyuma ya mzani: picha kubwa yenye fremu ya rangi ya dhahabu, yeye amesimama na Mheshimiwa Godlisten wa Mbezi Beach, ambaye alipita hapo mara moja kununua maji, akaacha na namba ya simu. Cheo chake hakuna aliyekijua mtaani. Gari lake lilikuwa na dereva na mapazia, na hilo lilitutosha.

Watu wa barabara walipopita na kopo la rangi nyekundu, kila jengo lililokuwa ndani ya hifadhi ya barabara lilipata alama ya X na siku thelathini za kuhama. Albano, mchonga vinyago wa jirani, alinung'unika, akaenda misa ya asubuhi, kisha akaanza kuhamisha magogo yake kwa toroli. Zahor aliitoa picha ndani akaitundika nje, juu ya X.

"Mzee Zahor, unaficha nini? Wameshaandika kwenye daftari lao," Albano alimwambia.

"Sifichi. Wakija waone hili duka lina mtu."

"Si lina Mungu? Mbona imeandikwa hapo juu?"

"Albano, wewe chonga."

Akawa anapiga simu, haipokelewi. Wiki ya kwanza alisema Mheshimiwa yuko kikaoni. Wiki ya pili, yuko safarini. Wiki ya tatu hakusema kitu, ila alianza kuswali simu ikiwa mbele yake juu ya mswala. Akisujudu, paji la uso linatua vidole viwili tu kutoka ilipo namba ya Mheshimiwa. Mkewe, Zubeida, alishindwa kunyamaza.

"Baba Reem, hapo unamsujudia nani?"

"Astaghfirullah! Anaweza kupiga, mama."

"Basi tuhamishe hata sukari na unga. Akipiga tutarudisha."

"Tukihamisha tutaonekana hatuna imani."

Imani kwa nani, hakufafanua.

Siku ya thelathini na moja, asubuhi kweupe, tingatinga likaja. Mwendeshaji wake, mtu mstaarabu, alizima mtambo akashuka.

"Shikamoo mzee. Samahani, huyu kwenye picha ni nani?"

Zahor akanyoosha kanzu. "Marahaba. Humjui? Huyo ni Mheshimiwa Godlisten!"

"Ahaa." Yule bwana alifuta mikono kwenye suruali, akaitungua picha taratibu, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Shika mzee, isije ikavunjika. Una nusu saa kutoa vitu."

Zubeida alifunga khanga kiunoni. Albano akaja mbio na toroli. Zahor alibaki amesimama, picha kwapani, simu sikioni, inaita tu.

"Baba Reem! Shika gunia!"

Hakuwa na mkono wa kushikia. Ilimchukua muda mrefu mno, kwa mtu mwenye nusu saa, kuiweka picha chini na simu mfukoni. Waliokoa sukari, unga na mzani. Mafuta, sabuni na mchele vilibaki ndani ukuta ulipoanguka, pamoja na X na maandishi ya marehemu.

Manyunyu yakaanza. Zubeida akaiokota picha, akafunikia magunia ya sukari.

"Haya," alisema, "leo na yeye kasaidia."

Albano alicheka mpaka akakaa chini. Zahor hakucheka, lakini hakuiondoa.

Ilipofika adhuhuri alitandika kipande cha boksi chini ya turubai la Albano. Kabla ya kuanza kuswali alitoa simu, akampa mkewe.

"Akipiga nimwambieje?"

"Mwambie asubiri."

Haikuita.